Utando wa Wanga wa Muhogo: Namna ya Kuupika, Kuukausha na Kuupima kwa Joto Bila Kupasuka wala Kunata

Wanaojaribu kutengeneza utando wa wanga ili upunguze matumizi ya kavera (mifuko ya plastiki) hurudi na malalamiko yaleyale. Umepasuka kwenye trei kabla ya kukauka. Unanata vidoleni. Una vidoadoa vyeupe. Au Jumatatu ulikunjika vizuri, na kufikia wiki iliyofuata unakatika ukiugusa tu.

Wengi wao wamefuata video inayosema koroga hadi iive, tia kijiko cha siki, anika juani. Hapo hakuna hata kipimo kimoja cha joto wala cha maji, na hivyo viwili ndivyo vinavyoamua karibu kila kitu. Wanga hauyeyuki kama plastiki. Hufunguka ndani ya maji ya moto, na ukishakauka, maji machache yaliyobaki pamoja na gliserini ndiyo yanayoufanya upinde au uvunjike.

## Mahitaji

Vipimo hivi ni vya utando mmoja wa sentimita 20 kwa 30, wenye unene wa karibu milimita 0.1. Kwa kulinganisha, kavera nyembamba zilizopigwa marufuku na sheria ya Uganda ni zile zilizo chini ya mikroni 30, yaani milimita 0.03. Utando wetu ni mnene zaidi ya hizo mara tatu, na hauna budi kuwa hivyo.

- Wanga mkavu wa muhogo, gramu 8 (si unga wa muhogo, tofauti yake iko Hatua ya 1)
- Gliserini safi, gramu 2.4
- Maji safi, gramu 200 (ya mvua yaliyochujwa au ya chupa)
- Mizani ya kidijitali inayosoma gramu 0.01
- Kipimajoto cha kuchovya kinachofika angalau nyuzi 110
- Sufuria ndogo inayokaa ndani ya sufuria kubwa yenye maji
- Mwiko, chujio laini la chai, bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano
- Trei bapa ya plastiki yenye kuta za sentimita 1 au zaidi
- Pimamaji, ile ya fundi mwashi
- Sanduku la plastiki lenye mfuniko unaobana, na chumvi ya mezani nusu kilo
- Oveni yenye kipimajoto chake ndani, kwa majaribio ya mwisho

Trei igeuze uangalie pembetatu iliyo chini. Yenye namba 5 inavumilia uji wa moto. Yenye namba 1, kama zile nyembamba za kuwekea keki, hujikunja inapokaribia nyuzi 70, na utando wako utakauka ukiwa na mabonde. Kioo na chuma usivitumie peke yake: wanga hushika juu yake kama gundi, kwa sababu kweli ni gundi.

## Hatua ya 1: Pata wanga, si unga

Unga wa muhogo una nyuzinyuzi, protini na uchafu wa ganda. Kila unyuzi ukibaki ndani ya utando ni mahali pa kuanzia ufa. Ndiyo maana waliotumia unga wa sokoni hupata kitu cha kijivu kinachochanika.

Chukua muhogo uliong'olewa leo au jana. Ukikaa siku mbili tatu huanza kuwa na mishipa ya bluu na nyeusi ndani, na wanga wake hupungua. Kata utupe pia sehemu zenye michirizi ya kahawia, ugonjwa unaosumbua mashamba mengi ya Uganda. Menya maganda yote mawili, la nje la kahawia na la ndani lililo nene. La ndani lina sumu nyingi ya sianidi kuliko nyama ya muhogo.

Muhogo uliokwisha kumenywa, kilo 1, ukune, uchanganye na lita 3 za maji, ukamue kwa kitambaa. Acha maziwa hayo yatulie saa 4, mwaga maji ya juu, kwangua utando wa kijivu uliokaa juu ya wanga, koroga tena na maji mapya. Rudia mara tatu. Usiache ilale usiku kucha: wanga huchacha, na asidi ya uchachu huanza kukata minyororo ambayo ndiyo nguvu ya utando wako. Maji ya kukamulia yamwage mbali na mbuzi na kuku, kwa sababu sianidi iliyotoka kwenye muhogo imo humo.

Anika wanga kwa tabaka jembamba mahali penye hewa. Jua la asubuhi halina neno, lakini wanga uliolowa ukipashwa kupita nyuzi 55 huanza kuiva pale pale na kuwa mawe madogo yasiyovunjika. Kutoka kilo 1 utapata takriban gramu 200 za wanga, kutegemea aina ya muhogo na umri wake.

Utajua umefaulu ukiusugua kati ya vidole na ukalia kwa mkwaruzo mkavu. Kijiko kimoja kwenye glasi ya maji baridi kitashuka chini cheupe chote, bila mstari wa kahawia juu yake.

## Hatua ya 2: Pima gliserini kabla ya kuiamini

Gliserini ya duka la dawa mara nyingi ni ya kupaka ngozi, na baadhi huwa imechanganywa na maji au manukato. Ukiweka gramu 2.4 za mchanganyiko ambao nusu yake ni maji, umeweka nusu ya kilainishi unachohitaji. Kisha unalaumu muhogo.

Vuta mililita 10 kwa bomba la sindano, zimimine kwenye kikombe ulichokwisha kupima, soma uzito. Gliserini safi itatoa karibu gramu 12.6. Ukiona gramu 11.3, nusu ni maji. Ya katikati unaweza kuitumia kwa kuongeza kiasi, lakini yenye manukato au rangi iache.

Kuhusu kiasi, tunatumia asilimia 30 ya uzito wa wanga. Gliserini huingia kati ya minyororo ya wanga na kuizuia isishikane moja kwa moja, hivyo minyororo hupata nafasi ya kuteleza. Chini ya asilimia 15 hivi jambo la ajabu hutokea: utando huwa mgumu zaidi, kwa sababu gliserini kidogo hujaza nafasi tu bila kulegeza chochote. Juu ya asilimia 40 gliserini huanza kutoka juu ya utando, na ndipo unaponata.

Mahali ulipo pia pana neno. Gliserini huvuta unyevu wa hewa. Entebbe na Jinja, karibu na ziwa, asilimia 25 inatosha. Moroto wakati wa kiangazi hewa ni kavu, na utando uleule utavunjika. Huko panda hadi 35.

Na siki? Kwa muhogo haihitajiki. Asidi pamoja na joto hukata minyororo ya wanga. Kidogo hufanya uji uwe mwepesi na utando uwe mwangavu, lakini ukipika nayo kwa muda mrefu minyororo hubaki mifupi na utando hukosa nguvu. Wanaoisifu mara nyingi walikuwa na tatizo la uji mzito, ambalo maji zaidi yangelimaliza.

## Hatua ya 3: Jua maji ya kwenu yanachemka kwa nyuzi ngapi

Hatua hii wengi huiruka. Maagizo mengi yameandikwa na watu wanaokaa karibu na usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwa nyuzi 100. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na maji huchemka karibu na nyuzi 96. Fort Portal ni karibu 95. Kabale ni karibu 94.

Kwa hiyo agizo la kushika nyuzi 95 kwa nusu saa bila kuchemsha haliwezekani Fort Portal, na Kabale halifikiki kabisa. Unachopata ni uji unaotokota, wenye mapovu elfu moja, na kila povu linakuwa tundu kwenye utando.

Chemsha maji matupu, tumbukiza kipimajoto bila kugusa chini, andika namba. Hiyo inakupa kikomo chako, na papo hapo umekijaribu kipimajoto chenyewe. Kikisoma 101 ukiwa Kampala, kina kasoro ya nyuzi 5, na hiyo itakuharibia kila hatua inayofuata.

## Hatua ya 4: Pika

Ndani ya unga ule mweupe mna punje ndogo, za mikromita 5 hadi 35 hivi. Kila punje imejengwa kwa molekuli za aina mbili. Amilosi, chini kidogo ya asilimia 20 kwa muhogo, ni minyororo mirefu iliyonyooka. Amilopektini, iliyobaki yote, ina matawi mengi. Matawi hayo yamepangwa kwa tabaka, tabaka gumu la fuwele likifuatwa na laini, na ndiyo maana wanga hauyeyuki katika maji baridi. Hushuka chini ukakaa.

Joto likifika nyuzi 60 na ushee, fuwele huanza kuachia. Maji huingia, punje huvimba mara nyingi ukubwa wake, amilosi huvuja nje, uji huwa mzito ghafla. Kwa wanga wa muhogo kwenye maji mengi, sehemu kubwa ya kazi hiyo imekwisha kabla ya nyuzi 80. Hapo wengi huipua, kwa kuwa uji umeshakuwa mwangavu na unaonekana umeiva.

Haujaiva. Punje zimevimba lakini nyingi bado ni mifuko mizima. Ukimwaga sasa, utando utakuwa mifuko iliyobanana na amilosi kidogo katikati, nao huchanika kwenye mipaka ya mifuko. Unahitaji joto zaidi na kukoroga ili mifuko ipasuke na minyororo ichanganyike.

Fanya hivi:

1. Pima sufuria ndogo tupu, andika uzito. Tia maji gramu 200, gliserini gramu 2.4 na wanga gramu 8. Koroga yakiwa baridi hadi pasiwe na bonge. Wanga ukimwagwa kwenye maji ya moto hufunga mabonge ambayo ngozi yake imeiva na ndani ni unga mkavu, na hayo ndiyo vidoadoa vyeupe.
2. Weka sufuria ndogo ndani ya kubwa yenye maji, juu ya sigiri au gesi. Moto wa mkaa ukigusa sufuria moja kwa moja, chini huungua huku juu kukiwa nyuzi 70.
3. Koroga polepole, bila kupiga. Kati ya nyuzi 62 na 70 usiache hata kidogo. Hapo ndipo uji unapogeuka.
4. Fika nyuzi 85 hadi 88, shika hapo dakika 15. Ukiwa Kabale bado uko chini ya kuchemka. Katika muda huo utaona uji uliokuwa mzito ukilegea kidogo na kuwa na mng'ao. Hizo ni punje zinazopasuka.
5. Ipua, futa maji ya nje ya sufuria, pima tena. Vyote ndani vilikuwa gramu 210.4. Kilichopungua ni mvuke: rudisha kiasi hicho kwa maji ya moto. Usipofanya hivyo, unene wa utando wa leo hautalingana na wa kesho.

Mashine ya kusagia juisi usiitumie baada ya uji kuiva. Huingiza hewa isiyotoka na kukata minyororo.

Aliye karibu na shule yenye hadubini anaweza kuhakikisha. Omba fundi wa simu au kikokotoo skrini mbovu ya zamani na ubandue karatasi yake ya kijivu ya kuchuja mwanga. Weka kipande kimoja chini ya kioo cha sampuli na kingine juu ya lenzi ya jicho, ukizungushe hadi kuwe giza. Punje mbichi za wanga zitang'aa, kila moja ikiwa na msalaba mweusi katikati. Iliyoiva hupoteza msalaba na kuzama gizani. Ukiona hata nyota chache zinang'aa kwenye tone la uji wako, rudisha jikoni.

Ukitumia wanga wa mahindi badala ya muhogo, amilosi yake ni zaidi, asilimia 25 au kidogo zaidi. Unahitaji nyuzi 90 na kitu, dakika 25, na uumwage ungali wa moto zaidi kwa sababu huganda haraka. Utando wake ni mgumu na wenye ukungu kidogo. Unga wa posho haufai hata kidogo.

## Hatua ya 5: Toa mapovu, mwaga

Funika sufuria, iache kwenye maji ya moto yaliyoondolewa jikoni kwa dakika 10. Mapovu hupanda. Pitisha uji kwenye chujio la chai, ukimimina karibu kabisa na trei.

Kabla ya hapo, trei iwe imesawazishwa. Pima kwa pimamaji kwa urefu na kwa upana, ukitia vipande vya karatasi chini ya kona iliyoshuka. Hili si urembo. Gramu 170 za uji kwenye sentimita za mraba 600 zina kina cha milimita 2.8 tu. Upande mmoja ukishuka milimita 1, utakuwa na milimita 3.3 huku na 2.3 kule, na upande mwembamba utakauka kwanza, uvute, upasuke. Nyufa nyingi zinazolaumiwa kwa uhaba wa gliserini zinatokana na meza.

Mwaga gramu 170 uji ukiwa nyuzi 60 hadi 70. Ukipoa chini ya 40 huanza kushikana na hautambai vizuri. Mapovu yaliyobaki yatoboe kwa sindano katika dakika 10 za kwanza. Baada ya hapo uso umefunga na utaacha kovu.

## Hatua ya 6: Kausha bila haraka

Nyuzi 40 hadi 45, na hewa inayotembea. Kwa joto hilo utando hukauka kwa saa 18 hadi 24. Kwenye chumba cha kawaida chenye feni, Kampala nje ya msimu wa mvua, hesabu siku mbili.

Jua kali linashawishi, lakini uso hukauka na kufunga ngozi huku chini kukiwa na maji. Maji hayo yakitaka kutoka huinua mapovu, au ngozi hujikunja na kuvuta kingo juu. Kwa upande mwingine, kuanzia Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba hewa ina unyevu mwingi, na trei iliyokaa siku tatu bila kukauka huota kuvu. Kuvu ikishaingia, tupa. Kuipangusa hakuiondoi ndani.

Suluhisho rahisi ni sanduku la mbao na balbu ya joto ya kulelea vifaranga, inayouzwa madukani kwa wafugaji wa kuku. Itundike juu sana, kwa mnyororo na si kwa waya wake, weka kipimajoto usawa wa trei, toboa matundu ya hewa chini na juu. Ikizidi nyuzi 45, inua balbu. Hakikisha hakuna karatasi wala kitambaa kinachoweza kuiangukia, na usiiache bila mtu nyumbani.

Utando ulio tayari huanza kuachia wenyewe kwenye kona. Ingiza kisu butu kwenye ukingo, vuta polepole kwa pembe ya chini. Ukikwama katikati na uko laini na baridi, bado una maji. Rudisha saa 3. Ukikatika kwa mlio, umekauka mno: weka trei mahali penye mvuke kidogo kwa nusu saa kisha jaribu tena.

Unaotakiwa ni mwangavu, una mng'ao upande uliogusa trei na umefifia kidogo upande wa hewa. Ukizungushwa kwenye kalamu hauvunjiki.

## Hatua ya 7: Utulize kabla ya kuupima

Utando uliotoka kwenye sanduku saa 6 mchana na ule uliokaa mezani usiku wa mvua si kitu kimoja, hata kama zilimwagwa kutoka sufuria moja. Maji ni kilainishi kama gliserini, tena chenye nguvu zaidi, na utando huyanywa na kuyatoa kila saa.

Tia chumvi ya mezani kwenye bakuli, ongeza maji kidogo hadi iwe kama mchanga uliolowa, chumvi nyingi ikiwa bado haijayeyuka. Weka bakuli ndani ya sanduku la plastiki, tando zikiwa zimelazwa juu ya wavu bila kuigusa chumvi, funga. Hewa ndani itatulia kwenye unyevu wa asilimia 75, iwe Gulu au Mbarara, iwe kiangazi au masika. Acha siku mbili. Sasa ukisema huu ni laini kuliko ule, unasema kweli.

## Hatua ya 8: Tazama unavyofanya kwenye joto

Kata vipande vya sentimita 5 kwa 5. Kimoja kina uzito wa gramu 0.35 hivi, kidogo mno kwa mizani ya kawaida, kwa hiyo pima 10 kwa pamoja.

Nyuzi 105, saa 3. Kinachotoka hapa ni maji. Kama gramu 3.50 zimekuwa 3.05, utando ulikuwa na maji asilimia 12.9. Pima mara tu vinapotoka, au vipoze kwenye chupa iliyofungwa. Vikikaa mezani dakika chache tu huanza kunywa unyevu tena. Jaribu kukunja kimoja kikiwa kikavu hivyo: kitakatika, ingawa gliserini yote bado imo. Hapo utaona kwa macho kazi ya maji.

Sababu yake ni hii. Wanga mkavu kabisa hulegea kwenye nyuzi zaidi ya 200, karibu na pale unapoanza kuungua, na kwa hiyo hauwezi kuyeyushwa na kumiminwa peke yake. Kila asilimia ya maji na gliserini hushusha kiwango hicho, hadi utando wetu unakuwa umelegea kwenye joto la chumba au karibu na hapo. Toa maji, kiwango kinapanda, na utando unarudia ugumu wa kioo.

Nyuzi 150, nusu saa. Rangi huanza kuwa ya manjano, na gliserini nayo huanza kuondoka kidogo kidogo. Fungua dirisha. Vipande vilivyofika hapa havirudi kuwa laini kama mwanzo hata ukivitia kwenye sanduku la chumvi.

Juu ya 200 ni kahawia na harufu ya mkate ulioungua. Karibu na 300 minyororo yenyewe huvunjika na kuacha mkaa. Hili si jaribio la jikoni.

Kwa kupima haraka kama kitu ulichouziwa sokoni kuwa ni mfuko wa wanga ni kweli, shika kipande kidogo kwa koleo juu ya kiberiti, nje ya nyumba. Plastiki ya kavera huyeyuka na kudondosha matone yanayowaka. Wanga mtupu hauyeyuki. Huwa mweusi na kuacha majivu. Mifuko mingi ya biashara huchanganya vyote viwili, na utaona dalili za vyote viwili.

## Hatua ya 9: Kuunganisha kingo

Mashine ya kubania kavera haifanyi kazi hapa, na mshumaa ndiyo kabisa. Plastiki ya kavera huyeyuka kwenye nyuzi 110 hivi na kushikana. Wanga hauna mahali pa kuyeyuka, basi unaunganishwa kwa kuulowesha tena.

Pangusa ukingo wa sentimita 1 kwa kitambaa chenye unyevu, subiri dakika moja unywe, laza ukingo wa pili juu, funika kwa karatasi ya kuokea pande zote mbili. Bonyeza kwa pasi iliyo kwenye moto wa chini kwa sekunde 4, kisha iache chini ya kitabu kizito hadi ipoe. Mshono ukitoka mapovu, ulilowesha mno na maji yamegeuka mvuke. Ukiachia ukivuta, ulikuwa mkavu.

Mfuko huo ni wa mbegu, kahawa kavu, sabuni ya kipande. Usiuwekee chai wala mchuzi.

## Ukipeleka sampuli maabara

Wanafunzi wengi hufika hapa, na kosa moja hurudiwa hadi kwenye ripoti zilizofungwa vizuri. Mashine ya DSC hupima joto ambalo sampuli inalinywa. Ukiweka utando kwenye kikombe cha alumini kilicho wazi au kilichotobolewa, maji huondoka na kuchora kwenye grafu bonde pana linalozunguka nyuzi 100. Watu huliandika kuwa ni nyuzi za kuyeyuka kwa utando. Ni maji yanayotoka. Omba kikombe kilichofungwa kisichopitisha mvuke, ndipo uone ya wanga wenyewe.

Ukiona bonde dogo kati ya nyuzi 45 na 65 kwenye utando uliokaa wiki kadhaa, huo ni uzee. Amilosi hujipanga upya ndani ya saa chache baada ya kupoa, amilopektini kwa siku na wiki, na fuwele hizo mpya ndizo zinazofanya utando uliokuwa laini Jumatatu ukakamae baadaye. Eksirei huonyesha vilevile: alama za wanga mbichi wa muhogo zikibaki, hukuupika vya kutosha, zikionekana za aina ya B, yaani za fuwele zilizojipanga upya, umezeeka. Gliserini hupunguza kasi ya jambo hili lakini hailizuii.

Mashine ya TGA, inayopima uzito huku joto likipanda, itaonyesha ngazi tatu: maji, gliserini, kisha wanga karibu na nyuzi 300. Ngazi ya gliserini na ya wanga hugusana, kwa hiyo usisome asilimia ya gliserini hapo kana kwamba umeipima kwa mizani.

Juu ya kila bahasha andika tarehe uliyomwaga uji, unyevu wa mahali ulipoutunza, na siku utakayoomba upimwe. Tando mbili zenye umri tofauti haziwezi kulinganishwa, hata kama kila kitu kingine kilifanana.